PC ya gemu: ninunue iliyokamilika au niunde mwenyewe?

Swali: Shikamoo kaka. Niko Mwanga hapa Kigoma, kazi yangu ni kuediti video za harusi na send-off, usiku nacheza gemu, FC na GTA V basi. Nimejichanga nina milioni 2 na laki 2. Kuna duka Dar wananiuzia PC ya gemu iliyokamilika milioni 1 na laki 9, wameandika "Core i7, RAM 16, grafiki GTX 4GB, SSD, kesi ya kioo, feni nne za rangi". Rafiki yangu anasema nisinunue, nichukue vifaa kimoja kimoja niunde mwenyewe, itakuwa bei rahisi na nzuri zaidi. Nifanye lipi? Na je, TV yangu ya inchi 32 naweza kuitumia badala ya monita?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kujichanga, hiyo siyo hela ndogo ndo maana nataka tuende taratibu. Nianze na jibu lenyewe usije ukachoka kusoma ukaenda kutuma hela: hiyo ya milioni 1 na laki 9 usilipe kwanza, na vya kununua kimoja kimoja navyo kwa sasa achana navyo. Kwa bajeti yako, na kwa kuwa uko Kigoma, ningekuwa mimi ningenunua kompyuta ya ofisi used, tawa ile ndefu ya kusimama, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha 8 au cha 9, halafu naichomekea kadi ya grafiki isiyohitaji waya wa umeme wa pembeni. Sasa nikueleze kwa nini, maana rafiki yako hajakosea kabisa, na wa duka naye si lazima awe tapeli.

Tuanze na tangazo. "Core i7" peke yake haijakwambia kitu, hilo ni jina la ukoo wa prosesa za Intel, na kuambiwa i7 bila namba ni sawa na kuambiwa Noah bila kuambiwa ni ya mwaka gani. i7-2600 ya 2011 ni i7, i7-8700 ya 2017 nayo ni i7, na i3-12100 ya 2022 ambayo watu wanaidharau kwa sababu ya hiyo 3 inaiacha mbali sana ile i7-2600. Unachotakiwa kusoma ni namba inayokuja baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha 2, 4790 cha 4, 8500 cha 8, 12400 cha 12. Muuzaji ukimuuliza hiyo namba akaanza kukuzungusha, oh ni i7 ya nguvu bosi wangu usiwe na wasiwasi, basi jua ameshakujibu.

Na nikisema kizazi cha 8 sijaokota tu. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, pamoja na kichipu cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Njia za kulazimisha kwenye mashine za zamani zipo na mafundi wanazijua, lakini gemu za kucheza na watu mtandaoni zinazidi kukagua mashine kabla hazijakufungulia, mfano Valorant ukiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka) viwe vimewashwa, la sivyo huingii. Wewe leo unacheza FC na GTA, kesho utataka kingine, sasa usinunue mashine ambayo mlango umeshafungwa.

"GTX 4GB" ndo kabisa. GTX 960 ya 2015 ipo ya 4GB, GTX 1050 Ti ya 2016 ni 4GB, GTX 1650 ya 2019 ni 4GB, na hizo ni kadi tatu tofauti kwa nguvu na kwa umri. Nvidia, wenye hizo GTX, Oktoba 2025 walitoa draiva (programu za kuendesha kadi) za mwisho za gemu mpya kwa kadi za familia ya 900 na ya 1000, kuanzia hapo ni viraka vya usalama tu, kwahiyo 960 na 1050 Ti zimeshaingia uzeeni wakati 1650 bado inahudumiwa. Halafu kuna zile za magumashi, kadi ya zamani sana kama GTX 550 Ti imechezewa programu ya ndani ili Windows iisome kama 1050 Ti, ukiangalia kwa macho huoni kitu, kwenye Windows imeandikwa vizuri kabisa, gemu ikifunguka ndo inaganda. Dawa yake ni programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z, kadi ya namna hiyo inaiumbua palepale.

Ila kilichonishtua mimi kwenye tangazo lako siyo kilichoandikwa, ni ambacho hakikuandikwa. Feni nne za rangi zimetajwa, kioo kimetajwa, pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, haikutajwa. Kuna kijana wa Gungu aliniletea PC ya kioo ya aina hiyohiyo, malalamiko yake inazima yenyewe kila akifungua gemu, na alishapiga Windows upya akidhani ni virusi. Nikafungua ubavu wa nyuma, nikatoa pawa saplai, nyepesi mkononi mpaka unashangaa, nyaya nyembamba, stika kubwa inasema 500W. Sasa soma stika vizuri, chini kuna jedwali dogo lenye mistari ya volti, pale kwenye 12V iliandikwa ampea 16, zidisha 12 mara 16 unapata wati 192. Kadi ya grafiki na prosesa vinakula kutoka kwenye huo mstari wa 12V, kwahiyo ile 500 ni pambo, uwezo wake halisi kwa gemu ni chini ya 200, na yeye alikuwa na RX 580 ambayo peke yake inataka 185. Hapo prosesa itakula nini? Tukabadilisha pawa saplai tu, mashine haijazima tena mpaka leo.

Na ukiwa bado hapo nyuma, nyingi za bei rahisi zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mtoto akiigusa ikaenda 115 ukawasha, utasikia mlio na harufu na habari imeishia hapo. Piga gundi ya karatasi juu yake isiguswe.

Sasa twende kwa rafiki yako. Anachosema ni kweli kwa kanuni: ukiunda mwenyewe unajua kila kitu kilichomo, hakuna wa kukufichia pawa saplai mbovu, na vifaa vya kawaida vya dukani unaweza kubadilisha kimoja baada ya miaka miwili mitatu bila kutupa mashine nzima. Prosesa ya Ryzen 5 5600 juu ya mazabodi (ubao mkuu unaobeba vifaa vyote) ya B550, kadi ya RX 6600, hiyo ni mashine safi sana, ina heshima. Na kazi yenyewe ya kuunda siyo ngumu kama watu wanavyoitisha, bisibisi moja ya nyota, meza yenye mwanga, utulivu, prosesa inalala kwenye sehemu yake bila kukandamizwa, RAM mbili unaziweka sloti ya 2 na ya 4, na ule waya wa umeme wa prosesa pale juu kwenye kona ya mazabodi usisahau kuuchomeka, wengi wanausahau.

Shida inaanza pale unapobonyeza kitufe feni zikazunguka na skrini ikabaki nyeusi. Mtu wa Dar anavuka barabara Kariakoo anaazima RAM, anajaribu pawa saplai nyingine, jioni anajua mbovu ni kipi. Wewe hapa Mwanga unaazima kwa nani mazabodi ya AM4, yaani ya kupokea hizo Ryzen? Mfano halisi: Ryzen 5 5600 ilitoka 2022, mazabodi za B450 zilianza kuuzwa 2018, ukikutana na B450 iliyokaa stoo muda mrefu inaweza isiitambue hiyo prosesa mpaka BIOS yake (programu ya ndani ya mazabodi) iapdetiwe, na kwenye nyingi ili uiapdeti unahitaji prosesa ya zamani iwashe kwanza. Hakuna kilichoharibika hapo, kila kitu ni kizima, lakini wewe umekaa na mzigo mezani hauwaki. Na hiyo 5600 haina grafiki ndani yake, kadi ikiwa ndo mbovu hupati picha kabisa hata ya kuandikia barua, tofauti na 5600G. Kila kifaa kina waranti yake, pengine kila kimoja duka lake, na kurudisha Dar ni nauli yako ya parseli kwenda na kurudi na siku zinakatika huku bibi harusi anaulizia video yake.

Kuna jambo jingine la wakati huu tulionao. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda dunia nzima na SSD zikafuata, kwa sababu viwanda vinavyotengeneza, Samsung, SK Hynix na Micron, vinaelekeza mzigo kwenye data senta za AI huko kwenye hela nyingi, Micron Desemba 2025 mpaka wakatangaza wanaachana na RAM za Crucial za wateja wa kawaida. Zamani hesabu ya kuunda mwenyewe ilikuwa inashinda kirahisi kwa sababu RAM ilikuwa kitu cha kuongeza tu mwishoni, saa hizi RAM inakula sehemu kubwa ya bajeti, kwahiyo mashine ambayo tayari ina 16GB ndani imekuwa na thamani kuliko inavyoonekana. Hii peke yake imenibadilisha ushauri ninaowapa watu wenye bajeti kama yako.

Ndo tunafika kwenye kompyuta ya ofisi. Dell OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M720t, hizi zinakuja used kwa wingi, zilikaa maofisini huko Ulaya zinafungua Excel tu, kisha zikatolewa zote kwa pamoja. Ya i5-8500 ina kori sita, inatosha kabisa kwa FC na GTA V na kwa video zako za HD. Na kuna faida ambayo mtu wa Dar hawezi kuiona kama sisi: steshenari zote za hapa mjini, Ujiji mpaka Kasulu, zinatumia Dell na HP za namna hii, mafundi wetu wanazijua, ukiharibikiwa RAM au diski unapata ya kujaribia hapahapa. Mashine nzuri kwa Kigoma ni ile ambayo ikilala Jumatatu, Jumanne inawaka, na kwa wewe unayekula kwa hiyo mashine hilo ni kubwa kuliko fremu 20 za ziada kwenye gemu.

Lakini ina masharti yake na hapa sikia vizuri. Kwanza chukua tawa, usichukue ile ndogo ya kulala, kwa sababu ile inaingia kadi fupi maalum tu na joto linakaa ndani. Pili pawa saplai yake ni ya kwao wenyewe, kwenye OptiPlex nyingi ni kati ya wati 240 na 300 na plagi zake siyo zile za kawaida, kwahiyo huendi dukani kununua nyingine ukachomeka hivihivi. Ni pawa saplai ndogo lakini ya kweli, wati zilizoandikwa ndizo inazotoa. Ndo maana nasema kadi isiyohitaji waya: sloti ya mazabodi inatoa mpaka wati 75, GTX 1650 inataka 75, RTX 3050 ya 6GB iliyotoka 2024 inataka 70, zote zinaishi humo bila shida. Angalia tu, baadhi ya 1650 mtengenezaji ameziwekea tundu la waya, hizo ruka. Na RTX 3050 ya 8GB ni kadi tofauti, inataka waya, usichanganye.

Kati ya hizo mbili mimi naipenda 3050 ya 6GB kwako, kwa ajili ya kuediti zaidi kuliko gemu, memori ya ziada utaiona ukiweka tabaka tatu nne za video. Hela isipotosha 1650 bado itakufikisha, FC za karibuni zenyewe zinaandika 1050 Ti kama kiwango cha chini na 1650 iko juu yake. RAM hakikisha ni 8 mara mbili, siyo 16 moja, maana zikiwa mbili prosesa inasoma kwa njia mbili kwa pamoja. Ukifungua Task Manager sehemu ya RAM inakuonyesha sloti ngapi zimetumika. Na SSD usikubali ya 256 peke yake, FC moja tu inakula gigabaiti 100 hivi, sasa video za harusi utaziweka wapi? Windows na gemu kwenye SSD ya 512, harusi zilizokwisha kwenye diski ya kawaida (HDD).

Lini hiyo iliyokamilika ya dukani inafaa? Pale muuzaji anapokupa orodha kamili yenye namba za kila kifaa: prosesa gani, mazabodi gani, kadi gani, pawa saplai ya nani yenye ampea ngapi kwenye 12V, waranti miezi mingapi na je ukifungua mwenyewe kupuliza vumbi inakufa au haifi. Mwandikie hao jamaa maswali hayo leo. Wakikujibu ni i7-8700, GTX 1650, pawa saplai yenye jina linaloeleweka, basi tuongee tena, itakuwa siyo mbaya, utakuwa unalipia kioo na usumbufu ambao hukuupata. Wakijibu ni i7-3770 na GTX 960, hiyo hela ni nyingi mno. Na siku ukifika milioni 3 na nusu au 4 ukitaka kuunda kweli, fanya hivi: vifaa vyote duka moja, waunde wao, waapdeti BIOS, waichezeshe gemu nusu saa mbele ya ndugu yako, ndo ilipwe. Ada ya kuunda watakayokutoza ni hela halali kabisa.

Maana ndugu wa Dar kila mtu wa Kigoma anaye. Mashine yoyote utakayochukua, mtume yeye, na umpe kazi ya kufanya siyo kwenda kupokea boksi tu: afungue GPU-Z apige picha, afungue CrystalDiskInfo aone afya ya SSD, aache gemu au FurMark (programu ya kuikamua kadi) ikimbie dakika 20 huku anaangalia joto na anasikiliza feni, akague skrubu za kadi kama zimeliwa vichwa. Akishamaliza, KADI ITOLEWE kwenye mashine, ifungwe kwenye mfuko wake na boksi lake dogo. Safari ya Dar Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 hata kwa reli, na kwenye buti la basi hujui mzigo wako umelazwa ubavu gani, kadi nzito ikining'inia kwenye sloti njia nzima inapasua kile kishikio au inaing'oa sloti yenyewe. Ikifika unaichomeka mwenyewe, mpaka usikie kile kibana kimelia, unafunga skrubu, basi. Hiyo ni dakika tano na tayari umeshaunda PC kwa mikono yako.

Umeme. Kigoma tuliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla gridi ya taifa haijatufikia, na hata sasa unakatika na kurudi kwa kishindo. Kwahiyo kabla hujagawa hela ya mashine, toa kwanza hela ya UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika, na hili sitalegeza. Usidanganywe na namba ya VA iliyoandikwa juu yake, siyo wati, UPS ya 650VA nyingi zinatoa wati 325 hadi 390, na kwa mashine hii niliyokuelekeza pamoja na TV hiyo inatosha kabisa, hapo tena ndo faida ya kadi ndogo. Kazi yake siyo ucheze FC umeme ukiwa umekatika, ni dakika chache za kusevu video unayoediti na kuzima vizuri. Chukua yenye kurekebisha volti ndani yake. Betri yake itachoka baada ya miaka miwili mitatu, inabadilishwa betri tu, usiitupe.

Vumbi la kiangazi unalijua mwenyewe, usiiweke chini sakafuni, kila baada ya miezi michache fungua upulize, huku umeshikilia feni kwa kidole zisizunguke.

Kuhusu TV, ndiyo tumia, usinunue monita sasa hivi, hiyo hela iende kwenye kadi na UPS. Chomeka HDMI kwenye kadi ya grafiki, yale matundu ya chini yaliyolala, usichomeke kwenye matundu ya mazabodi juu, ukifanya hivyo gemu itaendeshwa na grafiki ya prosesa au usipate picha kabisa, na utasema umeuziwa kadi mbovu. Kwenye TV ingia setingi washa hali ya gemu, la sivyo utapiga pasi na mchezaji atachelewa kuitikia. Inchi 32 nyingi ni 1366 kwa 768, kwa gemu itakuwa nyepesi hata kwa 1650, ila kwa kuediti maandishi yataonekana manene na rangi za TV zimeongezwa chumvi, kwahiyo video ya mteja kabla hujaikabidhi iangalie na kwenye simu mbili tofauti. Monita ya inchi 24 ya 1080 ndo iwe kitu cha kwanza kununua harusi zikianza kulipa.